Mkono Mfukoni, Menyu Machoni

Jamani, mkono wangu ulikuwa mfukoni! Umezama ndani ya koti, hauonwi na mtu wala kamera, na bado menyu ilisogea mbele ya jicho langu kila gumba lilipoteleza juu ya kidole cha shahada. Kitu chenyewe ni Meta Neural Band, bangili inayouzwa pamoja na miwani ya Meta Ray-Ban Display tangu Septemba 2025, na toka niivae dukani hapa Marekani sina habari nyingine mdomoni.

Vifaa vinavyoongozwa kwa ishara za mkono si vipya: kuna Kinect ya Microsoft ya 2010, kuna Leap Motion ya 2013, kisha 2019 Google ikaweka rada ndogo ndani ya simu ya Pixel 4. Nilizipenda zote, ila zote zilitaka uupeleke mkono mbele yazo ili uonekane. Bangili hii haikutazami kabisa. Inasikiliza misuli! Ubongo ukiamuru kidole kisogee, misuli hutoa umeme mdogo mno. Vihisi vilivyozunguka kifundo cha mkono huunasa juu ya ngozi, na programu huugeuza kuwa amri. Hakuna sindano, hakuna upasuaji. Zima taa, ficha mkono chini ya meza, mambo yanakwenda vilevile.

Na wepesi wake! Gusanisha gumba na kidole cha shahada, umechagua. Gumba na kidole cha kati, umerudi nyuma. Lakini kilichonimaliza ni muziki: unabana vidole hewani, unazungusha mkono kama mtu anayezungusha kitufe cha redio ya zamani, na sauti inapanda. Nikaipandisha, nikaishusha, nikaipandisha tena, mhudumu akabaki anatabasamu.

Skrini ya miwani iko kwenye lenzi ya kulia peke yake, pikseli 600 kwa 600, na maandishi yametulia vizuri. Chaji ya miwani ni ya saa sita hivi, nami nataka zaidi. Bei ya miwani na bangili kwa pamoja ilianzia dola 799. Ni pesa nyingi, na ningezitoa.

Tena fikiria hili: umeme wa misuli hunaswa hata pale kidole kinaposogea kidogo mno kwa macho kuona. Mtu aliyepigwa na kiharusi, mtu ambaye mikono yake hutetemeka, huenda naye akaendesha kompyuta bila kugusa kipanya. Nataka bangili hii iunganishwe na televisheni, na swichi za taa, na kiti cha magurudumu. Na nataka mapema!