Chipu na Kitabu Chake

Katika ualimu wangu nimehukumu vitabu vingi vya kiada. Lakini hukumu ninayoijutia niliitoa nikiwa mstaafu, juu ya kitu kidogo kama ukucha.

Mwaka 2021 walimu wawili vijana, niliowafundisha chuoni, walikuwa wakibuni kengele ya shule itakayojipiga yenyewe. Walihitaji maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo kamili ndani ya chipu moja. Wakaniuliza, "Mwalimu, tununue ya kampuni gani?" Nikatazama bei, nikawaambia wachukue ya rahisi kuliko zote.

Kengele ya kwanza ililia vizuri. Shule jirani zilipoomba za kwao, chipu zile hazikupatikana. Uhaba ulikuwa umeenea duniani. Chipu ya kampuni nyingine haikulingana miguu wala programu. Kazi ya miezi ikaanza upya kwa sababu ya neno langu moja.

Tangu hapo nayapima makampuni kama nilivyopima vitabu. Chukua ATmega328P ya Atmel, ndiyo inayoendesha Arduino Uno. Nafasi yake ya programu ni kilobaiti 32 tu, na wapo wanaoicheka. Lakini kitabu chake cha maelezo hufafanua kila sehemu kwa zamu, kisha hutoa mifano ya programu. Aliyekiandika alimkumbuka mwanafunzi anayesoma peke yake usiku. Tena chipu hiyo ina ndugu zake, ATmega88 na ATmega168, wanaoingia kwenye matundu yale yale. Microchip ilipoinunua Atmel mwaka 2016, haikuwatupa.

Kwa upande mwingine ipo ESP8266 ya Espressif ya Shanghai. Ilipoanza kuenea mwaka 2014, ilileta Wi-Fi kwa bei ya kushangaza, ila maelezo yake karibu yote yalikuwa ya Kichina. Wapenzi wa elektroniki ndio waliojitolea kuyatafsiri. Chipu ilikuwa njema, kitabu kilichelewa.

Sidharau bei, maana mshahara wa mwalimu naujua. Kosa langu ni kuitazama kwanza, kabla ya kuuliza kitabu kinasomeka namna gani na chipu ikikosekana ipo ipi ya kushika nafasi yake.

Mara ya pili vijana wale hawakuniuliza. Walisoma maelezo kwanza, wakanunua na chipu za akiba. Nami nilinyamaza, nikafurahi.