Jina la London, mikono ya Wolverhampton

Mwishoni mwa 1892, Mmarekani William Astor Chanler na mwenzake kutoka Austria, Ludwig von Höhnel, walishuka na mto Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki, wakakata nyika ambayo leo ni ya Merti, katika Kaunti ya Isiolo. Walitarajia kulikuta ziwa Lorian. Wakakuta kinamasi. Wazungu waliozunguka nyika za namna hiyo enzi zile walizoea kubeba, pamoja na silaha za wanyama wakubwa, bunduki ya marisau kwa ajili ya kitoweo: kanga, kwale, na firigogo wanaoshuka mtoni kunywa maji. Iliyosifika kuliko zote ilikuwa ya Kiingereza, yenye mitutu miwili ubavu kwa ubavu na nyundo mbili zilizochomoza nje kama masikio.

Wenyeji wengi hawakuruhusiwa kuigusa biashara yake. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za kisasa na risasi zake kuingizwa kiholela barani, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Merti iko karibu digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, katikati kabisa ya ukanda huo. Zilizoachiwa zipite ni bunduki za gumegume.

Tofauti kati ya gumegume na bunduki hii haiko kwenye nakshi. Iko kwenye tundu la nyuma. Gumegume hushindiliwa baruti kupitia mdomoni. Hii huvunjika katikati kwenye bawaba, ikapokea risasi mbili nyuma, ikafungwa. Swali gumu ni namna ya kuifunga ili mlipuko usiipasue. Henry Jones wa Birmingham alitoa jibu lake mwaka 1859: wenzo chini ya kifyatulio unaozungushwa, ukayabana meno mawili yaliyo chini ya mitutu. Ni jibu lenye nguvu kupita kiasi, ingawa la polepole. Jones alishindwa kulipa ada ya kuilinda hataza yake, na mafundi wa Uingereza nzima wakaichukua bure. Mwaka 1863 James Purdey akaleta komeo linaloteleza lenyewe na kuingia kwenye mapengo mawili, na hilo ndilo linalotumika hadi leo katika bunduki nyingi za aina hii. Heshima ya Purdey ni halali. Jones alistahili zaidi ya alichopata.

Kipande kinachostahili kutazamwa kwa makini kuliko vyote ni nyundo yenyewe. Katika bunduki za mwanzo, nyundo ikishapiga ilibaki imelala juu ya sindano, na sindano imezama ndani ya fataki. Mpigaji akitaka kufungua, ilimbidi kwanza avute kila nyundo hadi nusu kwa kidole gumba. Akisahau, sindano ilikwama, na pengine ikavunjika. Pigo dogo juu ya nyundo iliyolala lingeweza pia kulipua risasi mpya. Mwaka 1867 John Stanton, fundi wa mitambo wa Wolverhampton, aliliondoa tatizo hilo bila kuongeza hata kamani moja. Aliirefusha kamani ileile kuu: mkono mmoja unaisukuma nyundo mbele, na ikishapiga, mkono wa pili unairudisha nyuma kidogo na kuishikilia hapo. Kamani moja, kazi mbili zinazopingana. Katika ufundi wote wa bunduki wa karne ile, ni vigumu kutaja wazo safi kuliko hilo.

Mitutu nayo ina habari yake. Ile yenye mawimbi ya kahawia na kijivu haikuchorwa. Fimbo za chuma laini na chuma kigumu zilisokotwa, zikafuliwa pamoja kuwa ukanda mrefu, ukanda ukazungushwa kwenye ufito, kisha kingo zake zikaunganishwa kwa moto na nyundo hadi ukawa bomba. Wahunzi wa Kiborana, Tumtu, wanaofua mikuki kwa mivukuto wanaijua shida iliyopo hapo: chuma kikipoa kidogo tu, au kikiingiwa na taka, kiungo kinaonekana kimeshika kumbe hakijashika. Katika bomba la namna hii, kiungo ni urefu wote wa mtutu. Asidi iliyopakwa mwishoni ndiyo iliyofichua mistari. Mabomba mengi hayo hayakufuliwa hata Uingereza. Yalinunuliwa Liège, Ubelgiji.

Kisha mitutu ililehemiwa pamoja, lakini si sambamba. Mtutu wa kulia ukilia, bunduki hukengeuka kulia kabla marisau hayajatoka mdomoni, na wa kushoto hufanya kinyume. Fundi aliielekeza midomo ndani kidogo ili mashimo yote mawili yapige mahali pamoja. Kwa sababu hiyo yeyote anayetaka kuichomea upya kwa moto mkali anaiua bunduki: ulehemu unalegea, na ulinganifu ule haurudi.

Kufikia 1875 William Anson na John Deeley walishaficha nyundo ndani ya kasha, na nyundo za nje zikaitwa za kale. Mfalme George V hakujali. Aliendelea kuwinda ndege na Purdey zake za nyundo.

Anayerithi bunduki ya namna hii leo aanze na cheti chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, kisha ageuze mitutu na kusoma mihuri ya majaribio ya London au Birmingham. Muhuri mahususi wa baruti isiyo na moshi ulianza 1896. Mitutu isiyo nao ilijaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake. Tundu zake nyingi zina urefu wa milimita 65, wakati risasi za sasa kwa kawaida ni za milimita 70. Risasi hiyo itaingia bila kukwama, bunduki itafungika vizuri, lakini risasi ikilipuka mdomo wake hautapata nafasi ya kufunguka, kwa hiyo shinikizo litapanda. Bamba la mtambo likifunguliwa, upande wa ndani mara nyingi una jina la fundi wa Wolverhampton aliyeliunda. Nje limeandikwa duka la London.