"Bohemian Rhapsody": Wimbo Usio na Mahali pa Kukatia

Redio za Uingereza mwaka 1975 zilikuwa na kipimo chao cha kibao: dakika tatu, tatu na nusu ukivumiliwa. Bendi ya Queen ikaipelekea kampuni yake, EMI, wimbo wa dakika 5 na sekunde 55, usio na kiitikio hata kimoja, wenye opera katikati. Ikasema huu ndio utakaoitangulia albamu mpya, A Night at the Opera. Ushauri wa wazoefu wa biashara ulikuwa mmoja: ukateni. Bendi ikagoma.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa kiburi cha msanii. Kwetu kina utamu wa ziada, kwa kuwa mtunzi wa wimbo, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ya Kiparsi ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Lakini kipaji na kiburi pekee havituelezi wimbo ulijengwaje, wala uliuzwaje. Ukiufungua kipande kwa kipande unakuta kwamba kukataa kule kulikuwa na sababu ya kiufundi. Wimbo haukuwa na mahali pa kukatia, na bendi ilipoamua kuutoa mzima ilibidi itafute njia ya kuutoa inayolingana na wimbo wenyewe.

Kwa nini haukatiki

Urefu peke yake haukuwa jambo geni. "Hey Jude" ya The Beatles, ya mwaka 1968, inapita dakika saba. Ila zaidi ya nusu ya wimbo ule ni maneno yale yale yanayorudiwa mpaka mwisho, na mtangazaji mwenye haraka anaweza kuishusha sauti taratibu asimuudhi mtu. Huku kwetu miaka hiyo, wapiga dansi wa Nairobi na Kinshasa walikuwa na dawa yao: santuri ndogo iligawa wimbo mara mbili, sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Ilifaa kwa sababu dansi lina mpaka wa wazi. Waimbaji wakimaliza kusimulia, sebene linaanza, na msikilizaji anaweza kuigeuza santuri asipoteze kitu.

"Bohemian Rhapsody" haina mpaka wa namna hiyo. Ina sehemu sita: utangulizi wa sauti tupu, wimbo wa taratibu wa piano, solo la gitaa, opera, roki nzito, kisha tamati ya upole. Hakuna sehemu inayorudi. Kila moja inapita mara moja tu, na kila moja inaiandalia njia inayofuata.

Tazama viungo vyake. Wimbo wa taratibu uko kwenye ufunguo wa B-flati. Sauti ya Mercury inapopanda hadi inakaribia kupasuka, gitaa la Brian May linaipokea na kulipeleka solo kwenye E-flati. Solo hilo linaporomoka ngazi kwa ngazi, halafu kila kitu kinanyamaza isipokuwa piano, inayodokoa kodi (chord) ya A kwa vidole vikavu. Baina ya E-flati na A ndipo penye umbali mkubwa kuliko wote katika mzunguko wa funguo. Sikio halihitaji kusoma muziki ili lijue kwamba limehamishwa nyumba.

Mkata tepu mjanja angesema: solo liko E-flati, na roki inayokuja baada ya opera nayo iko E-flati, basi toa opera, unga hapo. Kwa hesabu ya funguo, kiungo kingeshika. Kwa masikio kingekufa. Wakati wa opera gitaa la umeme limerudishwa nyuma, na kazi kubwa inafanywa na piano na sauti za watu. Opera inafungwa kwa kodi kubwa ya B-flati, na juu yake kabisa mpiga ngoma Roger Taylor anashikilia sauti nyembamba isiyo ya kawaida kwa mwanamume. Kodi hiyo inaidai E-flati, na gitaa linapoingia ndilo linalolipa deni. Ukiondoa opera, gitaa litafuata gitaa, na ile roki iliyotakiwa kulipuka itakuwa mwendelezo tu wa solo. Kinachoonekana kuwa nyongeza ya mbwembwe ndicho kinachoipa sehemu inayofuata nguvu yake.

Watu watatu, sauti mia moja na themanini

Kazi ya kurekodi ilianza Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, Wales, chini ya prodyuza Roy Thomas Baker, kisha ikahamia studio nyingine kadhaa. Msingi uliwekwa na watu watatu: Mercury kwenye piano, John Deacon kwenye besi, Taylor kwenye ngoma. Mahali pa opera paliachwa wazi kwenye tepu, kwa matarajio kwamba kingekuwa kipande kifupi tu. Mercury akawa kila siku anakuja na wazo la kuongeza, na Baker akawa anakata tepu na kuunga kipande kingine, mpaka nafasi ikavimba na opera peke yake ikala wiki zipatazo tatu.

Mashine waliyotumia ilikuwa na traki 24. Kwaya unayoisikia ni ya watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, kwa kuwa Deacon hakuimba. Mercury alishika sauti ya kati, May ya chini, Taylor ya juu. Waliimba mstari mmoja, wakaurudia, wakaurudia tena kwenye traki nyingine, kisha wakaingia mstari wa pili, kwa saa kumi na zaidi kwa siku. Kwa hesabu ya Baker, sauti zilizopandishwa juu ya nyingine zilifika 180.

Sauti 180 zinaingiaje kwenye traki 24? Unajaza traki kadhaa, unazichanganya zote na kuzirekodi upya kwenye traki moja au mbili, halafu unafuta zile za mwanzo na kuzijaza tena. Siku hizi kompyuta inakupa traki bila kikomo, na ukijuta unarudi nyuma. Mwaka 1975 ukishachanganya umeoa. Sauti ya Taylor ikizidi kidogo kwenye mchanganyo wa kwanza, itazidi mpaka santuri inafika dukani. Kila uhamisho pia unaongeza mvumo wa tepu na kupunguza ung'avu. Tepu yenyewe ilipitishwa kwenye vichwa vya mashine mara nyingi hivi kwamba unga wake wa sumaku ulianza kuisha. Walipoinyanyua kwenye mwanga, wakaona upande wa pili.

Kwa hiyo mtunzi alilazimika kuijua kwaya nzima kabla haijakuwepo. Kwa maelezo ya wenzake, Mercury aliingia studio mpangilio ukiwa tayari kichwani na kwenye vikaratasi, akawa anawagawia sauti zao bila kusita. Ustadi wake hasa uko hapo. Lile gitaa zito la sehemu ya roki nalo, ambalo wengi humpa sifa May, lilitungwa na Mercury kwenye piano, May akalihamishia kwenye nyuzi.

Vaa spika za masikioni usikilize pale linapoitwa jina la Galileo. Sauti ya juu inaita, ya chini inajibu, moja ikitokea upande mmoja wa kichwa, nyingine upande wa pili. Watu wale wale watatu wanasikika kama makundi mawili yanayotazamana jukwaani. Sauti zimepewa mahali pa kusimama, na ndiyo maana opera yao ina umbo na haikugeuka kelele.

Siku thelathini za kuutoa

Kisha likaja suala la kuuza. Bendi ilikuwa na jina tayari, maana "Killer Queen" ilifika namba mbili Uingereza mwaka 1974, lakini mfuko ulikuwa mtupu baada ya mvutano na mameneja wao wa awali. Wimbo huu ungeanguka, pengine usingekuwepo mwingine.

Hatua ya kwanza ilikuwa redio. Kabla santuri haijatoka, nakala ikatua mikononi mwa Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London na rafiki wa Mercury, ikiambatana na onyo la kutoipiga lililotolewa kwa kukonyezwa jicho. Everett akaanza kwa kuonjesha vipande, mwishowe akaupiga mzima, mara 14 katika siku mbili. Hoja ya kwamba wimbo ni mrefu mno kwa redio ikajibiwa na redio yenyewe. Watu wakaenda madukani kuulizia santuri ambayo haijatoka. Wikiendi ile ile bosi mmoja wa mtandao wa redio za RKO wa Marekani, Paul Drew, aliusikia akiwa London, akajipatia nakala na kuipiga kwao. Elektra, kampuni iliyokuwa ikiiuza Queen Marekani, ikajikuta haina budi kuutoa.

Santuri ilitoka Uingereza tarehe 31 Oktoba 1975. Upande B ulikuwa wimbo wa Taylor kuhusu mapenzi ya gari, na kwa kuwa mtunzi wa upande B hulipwa kwa kila santuri sawa na wa upande A, Taylor akavuna kama Mercury. Jambo hilo halikuisha maneno ndani ya bendi kwa miaka.

Hatua ya pili ilikuwa televisheni. Kipindi cha Top of the Pops cha BBC kiliwataka wanamuziki wafike studio na kuigiza kuimba. Vinywa vitatu vingeigizaje kwaya ile bila kuchekwa? Isitoshe, ziara yao ilikuwa inaanza katikati ya Novemba. Basi tarehe 10 Novemba, katika studio za Elstree walikokuwa wakifanya mazoezi, mwongozaji Bruce Gowers akawapiga video kwa muda wa saa nne hivi, kwa gharama isiyofika pauni 5,000. Nyuso nne gizani zilitoka kwenye picha ya Mick Rock iliyopamba albamu ya Queen II. Nyuso zinazojizidisha zilitokana na lenzi iliyochongwa pande nyingi. Zile zinazokimbilia mbali zilipatikana kwa kuielekeza kamera kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyo hiyo. Ujanja wa picha ukafanana na ujanja wa sauti, wachache wakaonekana wengi. Video hata inadanganya kidogo: mwanzoni vinywa vinne vinaimba, ilhali sauti zote za utangulizi ni za Mercury, amejirekodi juu ya mwenyewe.

Video ilionyeshwa tarehe 20 Novemba. Albamu ikatoka mwezi huo huo. Tarehe 29 wimbo ukashika namba moja, ukakaa hapo wiki tisa, mpaka ulipoondolewa na "Mamma Mia" ya ABBA. Marekani ulifika namba tisa mwaka 1976. Mercury alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, ukatolewa tena, ukashika namba moja Krismasi kwa mara ya pili, urefu ukiwa ule ule.

Redio ikatengeneza kiu, televisheni ikaupa wimbo sura, albamu ikafika wakati watu wameshafungua pochi. Mpango huu ungeshindwa kwa wimbo uliokatwa, kwa sababu kilichowafanya watu wakimbilie madukani ni kule kutojua sehemu inayofuata itakuwa nini.

Prodyuza wa leo anabanwa na kipimo kingine, sekunde chache za mwanzo kabla kidole hakijasogeza skrini, na wengi wanakata kwanza, wanasikiliza baadaye. Usiige urefu wa Queen, kwani wimbo mrefu usio na kazi ni mzigo. Iga swali lao. Kabla hujafuta kipande, sikiliza kile kinachokifuata: kikibaki na nguvu yake, futa, kikipwaya, kiache, hata meneja anune.