Utendi ni wa kughaniwa, mbona tunauhesabu kwa vidole?

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka wa 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mgonjwa, na aliyeusiwa ni bintiye, Mwana Hashima. Wasia wenyewe uliandikwa kwa hati za Kiarabu, lakini haukukusudiwa kulala kwenye karatasi. Mizani 8 za mshororo zinamtosha mghani pumzi moja, na kina cha bahari kinamwambia msikilizaji kwamba ubeti umetimia.

Nayasema haya kwa sababu ya ninayoyaona madarasani. Mwanafunzi anaulizwa mshororo una mizani ngapi. Anahesabu kwa vidole, anaandika "nane", anatiwa alama. Kuusikia, hajawahi! Riwaya nayo imegeuzwa mwongozo: dhamira hizi hapa, wahusika wale pale, kariri uende zako. Inayonikera zaidi ni tamthilia. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ni mazungumzo mwanzo hadi mwisho, ilhali wapo watahiniwa wanaoimaliza kimyakimya, kila mtu na nakala yake.

Walimu wataniambia silabasi ni ndefu, eti muda utatoka wapi? Haya, nimesikia. Wala sitetei ule usomaji wa zamu ambapo kila mmoja anasubiri aya yake huku akisinzia. Huko ni kuita rejista tu. Usomaji wa sauti usiofuatwa na mjadala haunifai kitu.

Tuuchukue wasia huohuo. Wapo wahakiki wanaoushutumu kwa kumfunza mwanamke utiifu kupindukia. Wengine wanasikia kejeli ndani yake, na mimi naelekea upande wao, kwa kuwa kuna mahali mama anamwambia bintiye amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Sasa hiyo ni heshima au ni kicheko? Maandishi hayasemi. Anayeughani ubeti huo hana budi kuamua, kwa maana sauti haiwezi kunyenyekea na kutabasamu kwa wakati mmoja. Akiamua, mwenzake wa dawati la nyuma atapinga. Itabidi wote wawili warudi kwenye beti zinazotangulia na zinazofuata kusaka ushahidi, na kwa dakika 15 hivi darasa zima litakuwa linahakiki fasihi, mwongozo ukiwa umefungwa mkobani.