Majina ya Vyuma na Majina ya Ubovu: Istilahi za Giaboksi ya Oto

Makala haya yanahusu eneo dogo sana la istilahi za ufundi, yaani namna ya kutaja ubovu wa giaboksi ya oto katika gari kuukuu. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, magari ya aina hiyo ni mengi nchini. Mengi huagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa, na mji kama Tarime, ulio katika barabara kuu itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari, huyategemea kwa kusafirisha abiria, wagonjwa na mizigo midogo. Pili, eneo hili linadhihirisha kasoro moja ya kazi yetu sisi tunaoshughulika na istilahi, na kasoro hiyo huwagharimu wananchi fedha.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria mwaka 1967, kazi kubwa imefanyika katika kusanifu istilahi za fani mbalimbali. Hata hivyo, mtu akizipitia orodha zetu za ufundi ataona kwamba karibu zote ni orodha za nomino. Tumevipa vyuma majina. Ubovu wa vyuma hivyo tumeuachia neno moja tu: kimeharibika. Lakini fundi wa Bomani, pale mjini Tarime, apokeapo gari haanzi kwa kuuliza jina la chuma. Huuliza, "Linafanyaje?" Swali hilo hujibiwa kwa kitenzi, na vitenzi ndivyo tulivyovisahau.

Tuanze na kosa lililokwisha kuenea. Katika maelezo mengi gari la oto hutajwa kuwa ni gari lisilo na klachi. Usemi huo si sahihi. Tangu General Motors ya Marekani ilipotangaza giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, kilichoondolewa ni pedeli ya klachi, kwa kuwa kazi ya mguu wa dereva ilichukuliwa na shinikizo la mafuta. Ndani ya giaboksi mna seti kadhaa za sahani za klachi, nazo hulika kama sahani nyingine zozote. Mwenye gari aliyefundishwa kwamba gari lake halina klachi atawezaje kumwelewa fundi amwambiapo kuwa klachi zimeungua? Atadhani anadanganywa. Basi tuseme "gari lisilo na pedeli ya klachi", na shaka itaondoka.

Sasa tuvitazame vitenzi vyenyewe.

Cha kwanza ni kuslipi. Wafasiri wengi hulikwepa neno hili kwa kuwa ni la kukopa, wakaandika kuteleza. Tunaona kwamba katika jambo hili mafundi wana hoja kuliko wafasiri. Wakati wa masika, katika barabara za udongo za milima ya Tarime, gari linaloteleza ni lile ambalo matairi yake yamekosa kushika ardhi. Gari linaloslipi ni jingine: injini inanguruma na mizunguko yake inapanda, lakini mwendo hauongezeki, kwa sababu sahani za klachi ndani ya giaboksi hazishikani. Dereva akiandika "gari linateleza mlimani", msomaji hatajua kama aagize matairi au afungue giaboksi. Hapa neno la kukopa limeziba pengo la kweli, nasi hatuna budi kulipokea.

Cha pili ni kushika. Dereva akitoa mkono wa gia kwenye N na kuuweka kwenye D, gari hutikisika kidogo, ishara kwamba gia imeshika. Gari linaweza kuchelewa kushika, na uchelewaji huo hupimika. Vitabu vya ufundi vya Toyota vya magari mengi ya miaka ya 1990 huweka kikomo cha sekunde 1.2 kutoka N kwenda D, na sekunde 1.5 kutoka N kwenda R. Gari linalochelewa mbele na nyuma pia hutupa shaka ya upungufu wa mafuta au wa shinikizo lake. Likichelewa upande mmoja tu, shaka huhamia kwenye klachi au bendi ya upande huo. Neno "mbovu" haliwezi kubeba tofauti hiyo, lakini "linachelewa kushika kwenye R" hulibeba bila taabu.

Cha tatu ni kuchanganya. Asiye dereva atalifikiria jambo la kuchanganya unga na maji. Madereva wana maana yao: gari limechanganya linapopanda kutoka gia ndogo kwenda kubwa na kukolea mwendo. Kwa hiyo "halichanganyi" ni dalili kamili kwa neno moja. Chanzo chake chaweza kuwa kifaa cha kupimia mwendo, waya ulioregea, solenoidi iliyokwama, au klachi ya gia ya juu. Kitenzi hiki kimezaliwa barabarani, nasi tungekitafuta ofisini mwaka mzima bila kukipata.

Cha nne ni kushtuka, ambacho hutumiwa ovyo pamoja na kugonga. Tungependa vitenganishwe. Gari hushtuka pale gia inapoingia kwa nguvu na abiria wakasukumwa. Gari hugonga pale inaposikika sauti ya chuma kwa chuma. La kwanza mara nyingi huhusu shinikizo la mafuta. La pili laweza kutoka kwenye mkono wa ekseli au kwenye mpira wa kushikilia injini, mbali kabisa na giaboksi.

Tukitoka kwenye vitenzi tunakuta hatari kubwa zaidi katika jina la mafuta. Vitabu vya matumizi vikifasiriwa, mara nyingi huandikwa "mafuta ya gia". Katika maduka ya vipuri, jina hilo ni la oili nzito ya giaboksi za mkono na difu. Giaboksi ya oto hutumia mafuta mepesi, kwa kawaida mekundu, ambayo mafundi huyaita haidroliki. Mfasiri aliyeandika "mafuta ya gia" amempa msomaji ruhusa ya kumimina oili nzito mahali pasipostahili. Nalo neno haidroliki halitoshi, kwa kuwa hutajwa pia kwa mafuta ya usukani. Na zipo giaboksi za mkanda usio na hatua za gia, zenye mafuta yake mbali. Tunapendekeza "mafuta ya giaboksi ya oto" na "mafuta ya giaboksi ya mkanda". Ni majina marefu, lakini urefu huo ni nafuu kuliko giaboksi mpya.

Hali ya mafuta hayo nayo ina lugha yake. Yakiwa mekundu na maangavu, ni mazima. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi zimelika. Yakifanana na maziwa, maji ya rejeta yameingia. Lakini maelekezo ya kuyapima hufasiriwa kwa maneno mawili tu, "angalia mafuta", kana kwamba ni oili ya injini. Katika Toyota nyingi za zamani gari husimamishwa mahali tambarare, injini ikiwa imepata moto na inanguruma, mkono wa gia upitishwe kila nafasi kisha urudishwe P, ndipo kijiti kichomolewe. Katika Honda nyingi injini huzimwa kwanza. Mfasiri akiacha sharti moja, kipimo ni cha uongo.

Mfano mmoja zaidi ni wa taa ya dashibodi yenye maandishi O/D OFF. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, taa hiyo ikiwaka mfululizo maana yake dereva amebonyeza kitufe cha kuzuia gia ya juu, na gari ni zima. Ikiwakawaka, kompyuta imeona hitilafu. Kiswahili kina unyambuaji na urudufishaji unaoweza kutofautisha kuwaka na kuwakawaka, lakini tafsiri zilizo nyingi husema "taa ikiwaka, mwone fundi". Wapo wanaokwenda kwa fundi kwa ajili ya kitufe.

Watumishi wa ofisi nao wanahusika. Katika fomu ya kuombea matengenezo, karani huandika "giaboksi mbovu". Maneno hayo si dalili; ni hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi, na kinachofuata ni kununua giaboksi iliyotumika. Fomu ingeuliza "gari linafanyaje, lini, na katika gia ipi", jibu lingeweza kuwa lita chache za mafuta. Kwa kazi hiyo ya kutafuta chanzo, wengine wamependekeza "uaguzi" na wengine "upelelezi". Neno la kwanza lina harufu ya ramli, la pili la polisi. Mafundi husema "kupima gari", kama mgonjwa apimwavyo hospitalini, nasi hatuoni haja ya jingine.

Yawezekana wasomaji wakatuambia kwamba maneno ya gereji hubadilika kutoka mji hadi mji, na kwamba ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, fundi atasema vingine. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ya kuyakusanya mapema. Wazee wa pwani walikuwa na usukani wa chombo kabla ya motokaa kufika. Neno likahama kutoka majini kwa kuwa kazi ilifanana. Ukusanyaji wetu ufuate njia hiyohiyo: kwa kila ubovu kiandikwe kitenzi cha mafundi, namna ya kupima, na vyanzo vinavyowezekana, ndipo Kamati ya Istilahi ikae.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri watuletee vitenzi vinavyotumika katika miji yao, pamoja na maelezo ya gari lilikuwa likifanya nini liliposemwa hivyo.