Jina la Kanga, Jina la Mtu

Kanga ina sehemu tatu. Ukingo unaoizunguka ni pindo. Uwanja wa katikati ni mji. Na yale maneno yaliyochapwa upande wa chini wa mji, ambayo wengine huyaita msemo au ujumbe, kwetu pwani huitwa jina. Kanga isiyo na jina ni kitambaa tu.

Neno hilo, jina, limenisaidia kumwelewa msanii Lubaina Himid kuliko uchambuzi wowote niliousoma juu yake. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na miezi minne baba yake alipofariki kwa malaria, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akaenda naye Uingereza. Huko ndiko alikokulia, akasomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo, akaja kufundisha chuo kikuu mjini Preston, katika jimbo la Lancashire lililotajirika kwa pamba. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alipewa Tuzo ya Turner ya sanaa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. London wanamhesabu kuwa msanii wao. Unguja tunasema ni mtoto wetu. Sioni sababu ya kugombana.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni Naming the Money ya mwaka 2004, yaani kuzitaja fedha kwa majina. Fedha hizo ni watu. Himid alikata katika mbao bapa watu 100, kila mmoja na kimo cha mtu mzima, akawapaka rangi zinazowaka: Waafrika waliokuwa watumwa na watumishi katika majumba ya wafalme na matajiri wa Ulaya, ambako mtu aliweza kutolewa zawadi kama kikombe cha dhahabu. Wako wapiga ngoma, wacheza dansi, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Wanasimama ukumbini kama umati unaongoja kuitwa, na mtazamaji hupita katikati yao. Hapo unaiona elimu ya jukwaani: hakuna picha ya kutazamwa kwa mbali huku umefunga mikono kifuani. Inakubidi upishane nao bega kwa bega.

Na mbele hawajakuambia kitu. Maelezo yako mgongoni, kwenye karatasi ya hesabu, ile ambayo bwana angeandikia bei. Himid ameandika humo mistari mitano. Wa kwanza unataja jina ambalo mtu huyu alipewa kwao. Wa pili, jina analoitwa na bwana. Wa tatu, kazi aliyokuwa akiifanya zamani. Wa nne, anayoifanya sasa. Wa tano unaanza na neno "lakini", kisha unataja kitu ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Sauti yake Himid mwenyewe husikika ukumbini ikiisoma mistari hiyo, mtu baada ya mtu, pamoja na muziki.

Nimeifikiria sana hiyo "lakini". Msanii mwingine angelifuta jina la pili na kulirudisha la kwanza, na sote tungepiga makofi. Himid hakufuta. Aliyaacha yote mawili yakae kwenye karatasi moja, kwa sababu mtu huyu ameshaishi ndani ya yote mawili. Amependa, amezaa na amezeeka akiitikia jina asilolichagua. Kisha Himid akampa mstari wa ziada ambao haumo katika jina lolote kati ya hayo. Huo ndio ufundi ninaousifu. Rangi nzuri wanazo wengi.

Sisi tunamjua mtu wa namna hiyo. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa na kuvushwa bahari hadi India. Alirudi Zanzibar akiwa huru, amebeba jina la mji wa ugenini, na kwa jina hilo akawaongoza wasafiri wa Kizungu Burton, Speke na Stanley bara. Vitabu vyao vinamtaja ukurasa baada ya ukurasa. Jina alilopewa na mamaye halimo. Katika karatasi ya Himid, Bombay angekuwa na mistari minne iliyoandikwa, na wa kwanza ungekuwa mtupu.

Himid amechora kanga pia, kwenye karatasi na kwenye vitambaa, akizipa pindo, mji na jina. Nazipenda, ingawa kanga iliyotulia ukutani hunitia huzuni kidogo. Kanga husema inapotembea. Chukua ile yenye jina "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye." Akiivaa bibi harusi, watu watacheka. Akiivaa mke mkubwa na kupita mlangoni kwa mke mdogo, mtaa mzima utanyamaza. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Nguo yenyewe Mombasa huitwa leso, neno lililotokana na Kireno, na kwa miaka mingi ilichapwa Uingereza, India na Japani kabla ya kufika mabegani mwa mama zetu. Hakuna aliyewahi kuiambia si ya kwetu.

Shangazi yangu alikuwa na jina la chuoni, jina la nyumbani alilopewa na bibi yake, na tangu alipojifungua mtoto wa kwanza, mtaa ulimwita kwa jina la mtoto huyo. Aliitikia yote, kila moja kwa sauti yake. La nyumbani liliposikika aligeuka haraka, kama msichana. Siku moja alinunua doti moja ya kanga na kuamua kugawana na shoga yake waliyekua pamoja. Tulikwenda wote kwa fundi cherehani. Fundi aliitandaza mezani, akatafuta mpaka kati ya vipande viwili, akapitisha mkasi. Shangazi akachukua kimoja, shoga yake kimoja, wakavikung'uta. Kila kipande kilikuwa na jina lake zima.