Neno la Juu ya Kidirisha

Methali ya mgema akisifiwa haihitaji maelezo hapa Rabai. Mgema mwenyewe utamwona asubuhi juu ya mnazi na kotama yake. Ndiyo iliyonijia siku programu yangu ya kuandikia ilipopata sasisho. Kwa miaka nilikuwa nikiisifu mbele ya wateja, kwa kuwa iko kwa Kiswahili na haina makuu.

Nina duka la kuchapa na kutoa kopi kando ya barabara ya Mazeras kwenda Kaloleni. Nilikuwa nachapa kumbukumbu za chama cha kina mama, nikataka kuchungulia hesabu za mwezi uliopita. Kidirisha kikatokea na orodha ya mafaili. Juu, pale pa Fungua au Hifadhi, palikuwa peupe. Nikachagua faili, kikaniuliza swali, nikajibu Ndiyo kwa haraka ya mwenye foleni. Kumbe nilibonyeza amri ya kuhifadhi, na hesabu za mwezi mzima zikafutika. (Kitufe cha chini kilikuwa na neno lake, sikatai, lakini jicho la mwenye haraka haliteremki mpaka huko.)

Mpwa wangu, mwandishi wa programu, akanifafanulia. Kidirisha kile hutoka kwenye maktaba ya msimbo inayotumiwa na programu nyingi. Programu isipotaja kichwa, maktaba huweka chake cha kawaida, kwa lugha ya mtumiaji. Basi mtu aliposafisha msimbo, “hakuna kichwa” kikageuka “kichwa kisicho na herufi”. Kwetu ni mamoja. Kwa mashine, kutotuma barua na kutuma bahasha tupu ni mambo mawili: bahasha imefika, maktaba ikanyamaza.

Kurekebisha hilo ni mstari mmoja. Ufundi ninaousifu ni wa baada ya hapo: fundi huandika jaribio dogo linalofungua vidirisha vyote viwili, cha Fungua na cha Hifadhi, likasoma kichwa cha kila kimoja, likakataa badiliko lolote linalokiacha kitupu. Litarudiwa kila msimbo unapoguswa, hata aliyeliandika akiwa keshahama kazi. Mgema naye, kabla hajaegemeza uzito, hukijaribu kwa unyayo kila kidato kilichochongwa kwenye shina, kile kile alichokikanyaga jana jioni.

Na maneno yenyewe yana mafundi wake. Wamisionari Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao hapa 1846, wakakaa wakikusanya maneno. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka London 1882, mwenyewe keshafariki. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukatoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Sijui kama kuna lugha inayomtega mtafsiri wa vidirisha kama yetu: funga na fungua, herufi moja tu kati yao.

Mweka hazina wa chama alikuja na daftari lake la mkono, kurasa zimeingia mafuta ya taa. “Mwanangu, mimi hicho chombo sikukiamini tangu zamani,” akasema, akavuta kiti, akanisomea hesabu moja moja nikachapa upya. Tulipomaliza nikabonyeza kuhifadhi. Akainama, akaweka kidole kwenye kioo, pale juu.

“Na hapa mbona hapana neno?”